Shamba la Aliyekimbia: Kutoka Sheria za Roma hadi Ardhi ya Beni



Katika vijiji vingi vya Beni na Lubero kuna mashamba ambayo leo hayana mkono wa kuyalima. Migomba imesongwa na magugu, kahawa imeiva na kudondoka, na kakao, ikiwa haikuoza mtini, imevunwa na mikono isiyoipanda. Wenye mashamba hayo hawakuyauza wala hawakumgawia mtu. Walikimbia. Wengine wako Butembo, wengine Oicha, wengine wamevuka mpaka na kuingia Uganda. Wanalala katika nyumba za ndugu au chini ya maturubai. Na nyuma yao huanza kusikika maneno mafupi yenye hatari kubwa: "Ile ni ardhi tupu."

Maneno hayo hayakuzaliwa kwetu. Yana historia ndefu, iliyopitia Roma, Hispania na Ubelgiji kabla ya kufika katika milima yetu. Tumeona vema kuifuata historia hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili ambayo kila kijana Mkristo wa hapa atalazimika kuyajibu kwa matendo. Je, nguvu huzaa haki? Na ardhi ambayo mwenyewe hayupo, je, ni ardhi isiyo na mwenyewe?

Urithi wa Roma

Dola la Roma lilitawala nchi zote zinazoizunguka Bahari ya Kati, na Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe alizaliwa, akahukumiwa na kusulubiwa chini ya utawala huo. Dola hilo lilipoanguka upande wa magharibi katika karne ya 5, sheria zake hazikufa. Mwaka 533, mjini Konstantinopoli, Kaisari Yustiniano alitangaza mkusanyo mkubwa wa sheria za Warumi, nao ukaja kusomwa kwa karne nyingi katika vyuo vikuu vya Ulaya. Kwa hiyo wafalme wa Ulaya walipoanza kuteka nchi za mbali katika karne ya 15 na ya 16, wataalamu wao hawakubuni hoja zote upya. Waliufungua mkusanyo ule, wakatafuta humo haki ya kuwatawala wengine. Mawazo mawili yaliwavutia.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Kaisari ni bwana wa ulimwengu wote. Lilitoka katika habari fupi ya mtu mmoja wa Nikomedia, jina lake Eudaimon. Chombo chake kilivunjika baharini, naye akanyang'anywa mali na watoza ushuru wa visiwa vya karibu. Akamlalamikia Kaisari Antonino. Katika kumjibu, Kaisari alijiita bwana wa ulimwengu, lakini akasema kwamba mambo ya bahari yaamuliwe kwa sheria ya bahari. Wanasheria wa karne za baadaye waliokota cheo hicho, wakakijengea hoja nzito juu ya utawala wa dunia. Yule maskini aliyeporwa baada ya dhoruba wakamsahau.

Wazo la pili lilihusu vitu visivyo na mwenyewe. Kwa sheria ya Warumi, mnyama wa mwituni, ndege wa angani, samaki wa baharini, kito kilichookotwa ufukweni, na hata kisiwa kipya kilichozuka baharini, vyote ni vya yule wa kwanza kuvitwaa. Tena mali iliyotekwa kwa adui vitani ilihesabiwa kuwa halali ya mtekaji. Ni rahisi kuona jinsi mtu mwenye tamaa na silaha angeweza kuyaunganisha mawazo hayo: akiiona nchi ya wengine, huiita tupu; akiwakuta watu ndani yake, huwaita adui.

Lakini sheria hiyo hiyo iliweka mpaka ambao wenye tamaa hawakupenda kuusoma. Ilitofautisha kitu kilichotupwa na mwenyewe kwa hiari yake na kitu kilichotupwa kwa kulazimika. Mabaharia wakikumbwa na dhoruba, hutupa mizigo majini ili chombo kiwe chepesi na roho za watu ziokoke. Mizigo hiyo, ilisema sheria, haikuachwa. Mwenyewe hakuitupa kwa sababu hakuitaka tena, bali kwa sababu alitaka kuishi. Hata ikielea mbali au ikisukumwa na mawimbi hadi pwani, ingali yake. Na anayeichukua kwa nia ya kujitajirisha ni mwizi.

Tuliweke fundisho hilo moyoni. Tutalihitaji tutakaporudi Beni.

Mtawa aliyemkatalia Kaisari

Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu alitamka kwamba watu wa nchi mpya za Amerika, na watu wengine wote ambao Wakristo wangekuja kuwafahamu, hawapaswi kunyimwa uhuru wao wala mali zao, hata kama hawajaipokea imani. Miaka miwili baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1539, katika chuo kikuu cha Salamanca huko Hispania, mtawa Mdominiko Francisco de Vitoria aliliweka jambo hilo hadharani mbele ya wanafunzi wake. Aliuliza kwa haki gani Wahispania waliwatawala wenyeji wa Amerika.

Swali hilo halikuwa jepesi. Mfalme wake, Karolo wa Tano, alikuwa pia Kaisari wa Dola Takatifu la Roma, mrithi wa cheo cha makaisari wa kale. Hata hivyo Vitoria alijibu bila kuzungukazunguka. Kaisari si bwana wa ulimwengu. Si kwa maumbile, kwa kuwa watu walizaliwa huru. Si kwa sheria ya Mungu, kwa kuwa Maandiko hayakumkabidhi Kaisari yeyote mataifa yote. Wala si kwa sheria ya wanadamu. Akaongeza kwamba hata kama Kaisari angekuwa mtawala wa wote, kutawala si kumiliki, na hivyo asingekuwa na ruhusa ya kutwaa mashamba na mali za watu. Papa naye, alisema, si mtawala wa mambo ya kidunia juu ya mataifa yote, na hivyo hawezi kuwagawia wafalme nchi za wengine.

Je, kuigundua nchi hakumpi mtu haki? Hapa Vitoria aliligusa lile wazo la pili la Warumi. Alikubali kwamba kitu kisicho na mwenyewe ni cha mwenye kukitwaa. Lakini wenyeji wa Amerika walikuwa wamiliki wa kweli, kila mmoja kwa mali yake na wote pamoja kwa nchi yao. Kuwagundua hakukuwapa Wahispania haki yoyote, kama vile wenyeji hao wasingepata haki juu ya Hispania lau wangekuwa wao wa kwanza kuigundua.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Kaisari Karolo alimwandikia mkuu wa watawa wa Salamanca, akaagiza mijadala ya namna hiyo ikomeshwe. Jambo hilo latuonyesha kwamba neno la mwalimu lilikuwa limefika mahali pake.

Tusimfanye Vitoria kuwa mtu asiye na kasoro. Aliacha milango mingine wazi, kama vile haki ya kusafiri, kufanya biashara na kuhubiri, na katika milango hiyo wengine walipitisha vita. Lakini msingi alioujenga haukubomoka: mwenye kumiliki humiliki kwa kuwa ni mtu, wala udhaifu wake haumwondolei haki.

Je, Warumi walikuwa na haki?

Mabishano yaliendelea. Mwaka 1550 na 1551, mjini Valladolid, baraza la wataalamu lilisikiliza pande mbili. Upande mmoja alikuwa Juan Ginés de Sepúlveda, msomi aliyewasifu sana Warumi. Alidai kwamba Warumi waliyatawala mataifa kwa haki kwa sababu ya ubora wa tabia yao, na kwamba Wahispania nao wangeweza kuwatiisha wenyeji wa Amerika kwa sababu hiyo hiyo. Upande wa pili alikuwa Askofu Bartolomé de las Casas, Mdominiko aliyekuwa ameyaona mateso ya wenyeji kwa macho yake.

Las Casas alijibu kwa hoja ambayo kila Mhispania aliielewa upesi. Wahispania wenyewe walikuwa wametekwa na Warumi zamani, na Warumi waliwaona kuwa washenzi. Kama kuitwa mshenzi kunatosha kumpokonya mtu nchi na uhuru, basi mababu wa Wahispania walistahili kugawanywa kama mifugo na kupelekwa kuchimba fedha na dhahabu ya Roma. Nani kati yao angekubali kusema hivyo juu ya babu yake?

Pande zote mbili zilimfahamu Mtakatifu Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo. Katika kitabu chake juu ya mji wa Mungu, Augustino alikiri kwamba Warumi wa kale walikuwa na sifa fulani, nidhamu na kiu ya utukufu, na kwamba Mungu aliwaacha wapate dola. Lakini katika kitabu hicho hicho alifundisha kwamba utawala ukiondolewa haki, haubaki na tofauti yoyote na genge la wanyang'anyi, ila ukubwa wake tu. Wenye kupenda dola walishika fundisho la kwanza. Wenye kuwahurumia walioonewa walishika la pili.

Twapaswa pia kusema ukweli mzima juu ya Las Casas. Katika miaka yake ya mwanzo alishauri kwamba watumwa weusi wapelekwe Amerika ili wenyeji wa huko wapate nafuu. Baadaye aliungama kwa maandishi kwamba ushauri ule ulikuwa dhuluma, kwa kuwa Waafrika nao walikamatwa bila haki. Historia yake yatufundisha kwamba mtu anaweza kuuona uchungu wa jirani mmoja na kuwa kipofu mbele ya uchungu wa mwingine.

Neno "tupu" lafika Kongo

Karne iliyofuata, wazo la ardhi isiyo na mwenyewe lilipata vazi jipya. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1689, alifundisha kwamba ardhi huwa ya mtu kwa jasho analolitia ndani yake. Fundisho hilo lina heshima yake, kwa maana lamtukuza mkulima. Lakini lina ncha ya pili: shamba ambalo mazao yake yaliachwa yaoze laweza kuhesabiwa kuwa pori, na mwingine akalitwaa. Sasa haikuhitajika tena nchi isiwe na watu ili iitwe tupu. Ilitosha kusema kwamba watu wake hawailimi inavyopaswa.

Hivyo ndivyo neno hilo lilivyotufikia. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1884 na kufungwa Februari 1885, bila Mwafrika hata mmoja kuketi mezani. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru la Kongo, lililokuwa mkononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, lilitoa amri juu ya ardhi. Amri ilisema kwamba wenyeji wasiondolewe katika ardhi wanazozikaa, na kwamba ardhi zote zilizo tupu ni mali ya dola. Kwa kuisikia tu, mtu angedhani ni amri ya haki. Hila ilikuwa katika kuamua ni ardhi gani iliyo tupu. Serikali ilihesabu nyumba na mashamba yaliyokuwa yakilimwa wakati ule. Mengine yote ikayaita tupu. Tangu mwaka 1891 ikajitwalia pembe za ndovu na mpira wa misitu hiyo, na wenyeji wakalazimishwa kuvuna katika misitu yao wenyewe kama watu waliokuwa wakimwibia mfalme.

Wazee wetu Bayira wasingeielewa hesabu hiyo. Kwao ardhi hupata mwenyewe tangu siku ile abakondi, yaani wakata miti, walipoufungua msitu. Baada yao huja wengine, nao hupewa mahali pa kulima. Shamba lililopumzishwa lina mwenyewe. Msitu wa kuwinda, bonde la kuchungia na kilima wanacholindiwa wajukuu vina wenyewe. Kutolima leo ni sehemu ya kulima kesho. Mgeni aliyepita siku moja akaona majani marefu, aliona majani tu.

Sauti zilisikika hata huko Ubelgiji. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Myezuiti na mwalimu wa maadili huko Louvain, alitoa kitabu *La question congolaise*, akaukosoa utaratibu huo wa ardhi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa mfalme. Mateso yalipungua, lakini wazo la ardhi tupu lilibaki katika sheria.

Mwaka 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Albert, iitwayo leo Virunga, nayo ikapanuliwa katika miaka iliyofuata hadi bonde la Semliki. Katika sehemu za bonde hilo wakaaji walikuwa wameondolewa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha ikaingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Hatusemi haya ili kumpa mtu ruhusa ya kuvamia hifadhi. Misitu na wanyama wake ni amana ya Mungu kwa vizazi vyote. Twasema ili ieleweke kwa nini jambo la mipaka lingali kidonda kwa familia nyingi. Nayo sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya dola, na kuahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanazozikaa zingepangwa kwa amri ya Rais. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutolewa. Kaisari aliondoka, lakini kiti chake hakikuondolewa.

Dhoruba yetu

Sasa turudi kwenye mashamba yetu. Aliyekimbia usiku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hakuitupa ardhi yake. Amefanya kama yule baharia katika dhoruba: ameuachilia mzigo ili roho iokoke. Ikiwa hata sheria ya Warumi, watu waliozoea kuteka, ilimwita mwizi mtu anayejitajirisha kwa mizigo ya dhoruba, tutamwitaje Mkristo anayevuna kakao ya jirani aliye kambini, au anayenunua kwa bei ya chini shamba ambalo muuzaji hakulirithi wala hakulinunua?

Watu wetu husema: mwenye nguvu mpishe. Maneno hayo ni shauri la busara njiani, lakini si sheria ya Mungu. Kumpisha mwenye nguvu ili uokoke si kumkabidhi haki yako.

Maandiko nayo yana habari inayotuhusu sana, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 8. Mwanamke wa Shunemu alihama na jamaa yake kwa sababu ya njaa, kwa shauri la nabii Elisha, akakaa ugenini miaka saba. Aliporudi, ilimbidi amwendee mfalme kulilia nyumba yake na shamba lake. Mfalme hakumwambia kwamba miaka saba imepita. Aliamuru arudishiwe vyote, pamoja na mazao yote ya shamba tangu siku aliyoondoka. Miaka ya kukimbia haikuhesabiwa dhidi yake.

Jimbo letu la Butembo-Beni lina shahidi wa karibu pia. Askofu Emmanuel Kataliko alituchunga tangu mwaka 1966 hadi 1997, kisha akawa Askofu Mkuu wa Bukavu. Katika ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 alikemea mamlaka za kigeni zilizopora mali za nchi yetu, na hakuwaficha ndugu zetu Wakongomani walioshirikiana nazo. Kwa ajili hiyo, Februari 2000, watawala wenye silaha walimzuia kurudi Bukavu wakamfukuzia huku kwetu Butembo. Aliruhusiwa kurudi mwezi wa Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki mjini Roma. Tukumbuke kwamba hakuwalaumu wageni peke yao. Tamaa ya Kaisari yaweza kukaa hata ndani ya mtu wa kijiji chetu, anayejua vizuri kabisa shamba lile ni la nani.

Kwa hiyo twawaomba vijana wa kila parokia mambo matatu. Kwanza, tusinunue, tusikodi wala tusivune shamba la aliyekimbia bila idhini yake au ya jamaa yake. Pili, wazee wangali hai, tuketi nao tuandike mipaka: mti gani, kijito gani, jiwe gani, na jina la mwenyewe, mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, mwenyewe akirudi, awe mjane au yatima, asikutane na majirani walionyamaza. Tuwe mashahidi wake mbele ya mwami na mbele ya mahakama.

Maswali kwa mazungumzo ya kundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni ardhi zipi zinazoitwa "tupu"? Nani anaziita hivyo, na anapata faida gani?

2. Las Casas aliona dhuluma moja akakawia kuiona nyingine. Sisi tunamlilia jirani gani, na yupi tumemsahau?

3. Tusome 2 Wafalme 8:1-6. Kundi letu laweza kufanya nini mwaka huu ili anayerudi akute shamba lake linamngoja?